Umesoma, umesahau? Hivi ndivyo somo linavyokaa kichwani

Hebu tuulizane. Umewahi kukaa na daftari kuanzia saa moja jioni mpaka saa sita usiku, ukasoma kurasa zote, ukalala ukijua umemaliza kazi, halafu asubuhi pepa ikiwa mbele yako kichwa kikawa cheupe? Swali unaliona. Unakumbuka hata mahali jibu lilipo: ukurasa wa kushoto, chini ya mchoro. Lakini jibu lenyewe, wapi!

Kama yamekukuta hayo, hauko peke yako. Na kabla hatujaenda mbali, elewa jambo moja: kusahau hivyo si dalili kwamba wewe ni kilaza. Wako vijana waliokata tamaa ya shule kwa sababu tu waliamini kwamba "kichwa changu hakishiki". Wengine hukimbilia kukesha, vidonge vya kuzuia usingizi, bangi, au mtu anayewauzia dawa ya kufaulu. Pesa inakwenda, afya inakwenda, na mtihani nao unakwenda.

Kukumbuka ni kazi ya mwili, kama kukimbia. Ina kanuni zake, na mtu anaweza kujifunza kuifanya vizuri zaidi. Katika makala hii tutaona ubongo unavyoweka mambo, kwa nini tunasahau, na njia tano ambazo wataalamu wamezipima. Hazitaki pesa. Zinataka karatasi, kalamu na uvumilivu.

UBONGO UNAWEKAJE MAMBO?

Kazi ya kukumbuka ina hatua tatu: kupokea, kuhifadhi na kutoa.

Kupokea ni kutilia maanani. Ukisoma huku unasikiliza mpira redioni, au simu inalia kila dakika mbili, macho yanapita juu ya maneno lakini maneno hayaingii. Hapo usiseme umesahau. Hukupokea!

Jambo likishapokewa, kwanza hukaa katika kumbukumbu ya muda mfupi. Hii ni kama kiganja: haibebi vingi kwa mara moja. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba watu wengi hubeba vitu kama 7 hivi. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba mara nyingi ni kama 4 tu.

Jaribu mwenyewe. Soma tarakimu hizi mara moja, kisha fumba macho uzitaje:

1 9 6 1 1 9 6 2 1 9 6 3 1 9 6 4

Tarakimu 16, si mchezo. Sasa zigawe nne nne: 1961, 1962, 1963, 1964. Ni mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, wa Uganda, wa Kenya, na mwaka wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Ghafla mzigo umekuwa mwepesi, si ndiyo? Kichwa chako hakijabadilika. Ulichofanya ni kufunga vitu vidogo kuwa vifurushi vyenye maana.

Ili jambo likae siku nyingi, inabidi livuke kutoka kwenye kiganja hicho na kwenda ghalani. Sehemu ya ubongo inayosaidia kuvusha inaitwa hipokampasi. Iko ndani kabisa, moja kila upande wa kichwa. Umuhimu wake ulijulikana kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji ili apone kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi zake ikaondolewa. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku ile mpaka alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake. Mambo ya utotoni aliyakumbuka. Mtu aliyeongea naye muda mfupi uliopita alimsahau.

Hatua ya tatu ni kutoa, yaani kulipata jambo unapolihitaji. Fikiria njia ya miguu inayokatiza shambani. Ukipita mara moja, majani yanainuka tena. Ukipita mara kwa mara, njia inakuwa wazi. Ukiiacha, majani yanaifunika. Hata katika ubongo, mawasiliano kati ya chembe za fahamu huimarika yanapotumika.

KWA NINI TUNASAHAU HARAKA HIVYO?

Swali hili lilipimwa vizuri kwa mara ya kwanza na Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye alichapisha kitabu chake mwaka 1885. Alijipima mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazikariri orodha kwa orodha, kisha akajifunza tena orodha zilezile baada ya muda tofauti. Alichotafuta ni hiki: safari ya pili ameokoa kazi kiasi gani?

Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58. Baada ya saa 1, asilimia 44. Baada ya siku 1, asilimia 34. Baada ya siku 31, asilimia 21.

Tunajifunza mambo mawili hapo. La kwanza, tunapoteza zaidi mwanzoni. Ukisoma leo usirudie, kesho mengi yameshatoroka. La pili, na hili ndilo la kutia moyo, hata baada ya mwezi mzima bado kulikuwa na kitu. Kujifunza tena kulikuwa rahisi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo unapolifungua daftari la muhula uliopita na kuona "nimesahau yote", si yote. Njia ipo chini ya majani.

NJIA YA 1: FUNGA DAFTARI, JIULIZE

Wanafunzi wengi tunasoma kwa kurudia: tunasoma, tunasoma tena, tunapiga mstari kwa kalamu nyekundu, tunasoma tena. Kadiri tunavyorudia, maneno yanazoeleka machoni na tunadhani tumejua. Ni sawa na kumjua mtu kwa sura tu. Ukiulizwa jina lake, umekwama.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari za kusoma. Habari moja waliisoma mara mbili. Habari nyingine waliisoma mara moja, kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, habari iliyorudiwa kusomwa ilikuwa mbele: asilimia 81 dhidi ya 75. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Habari waliyorudia kusoma waliikumbuka kwa asilimia 42, ile waliyojijaribu waliikumbuka kwa asilimia 56.

Umeona mtego? Kurudia kusoma kunakufurahisha leo na kukuangusha wiki ijayo. Kujiuliza kunauma leo, kunakusaidia siku ya pepa.

Fanya hivi: soma ukurasa mmoja kwa kuelewa. Funga. Chukua karatasi tupu, hata ile ya nyuma ya daftari kuukuu, na uandike yote unayokumbuka. Usichungulie! Ukikwama, subiri kidogo, tafuta kichwani. Kisha fungua usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Pale palipojaa rangi ndipo pa kusoma tena.

NJIA YA 2: GAWA KWA SIKU

Saa tano za kusoma kwa usiku mmoja si sawa na saa moja moja kwa siku tano. Muda ni uleule, matokeo ni tofauti. Jambo linapoanza kusahaulika kidogo na ukalitafuta tena, njia inakuwa imara zaidi.

Hili si geni kwetu. Mwanafunzi wa chuo cha Qur'ani hujifunza aya mpya leo, hurudia za jana na za juma lililopita, na husikilizwa na mwalimu bila kutazama msahafu. Kurudia huko huitwa muraja'a. Hakuna anayehifadhi juzuu kwa kukesha usiku mmoja. Waliokariri tenzi ndefu nao walisaidiwa na vina na mizani, maana kina kinakudokeza neno linalokuja.

Kwa masomo yako tumia visanduku. Njia hii ilienezwa na mwandishi Sebastian Leitner katika kitabu chake cha mwaka 1972.

Kata karatasi ngumu ziwe kadi ndogo. Upande mmoja andika swali, upande wa pili jibu. Tafuta visanduku vitatu, hata boksi la viatu lililogawanywa au bahasha tatu. Kadi zote zinaanzia kisanduku cha kwanza, ambacho unakipitia kila siku. Ukipata jibu, kadi inahamia cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku tatu. Ukipata tena, inakwenda cha tatu, kinachopitiwa kila wiki. Ukikosa, hata kama kadi ilikuwa kisanduku cha tatu, inarudi cha kwanza. Hivyo muda wako mwingi unakwenda kwenye mambo magumu, si kwenye yale unayoyajua tayari.

NJIA YA 3: ULIZA KWA NINI, KISHA MFUNDISHE MWENZAKO

Jambo lenye maana linashika kuliko jambo lililo peke yake. Mwalimu akisema "homa ya malaria huja kwa vipindi", usikariri sentensi hiyo kama kasuku. Uliza: kwa nini kwa vipindi? Jibu ni kwamba vimelea huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinapopasuka kwa pamoja ndipo homa inapanda. Sasa ukisahau sentensi, unaweza kuitunga upya kwa sababu umeelewa.

Kisha tafuta mtu umfundishe: mdogo wako, rafiki, hata bibi. Mweleze kwa lugha ya kawaida. Pale unapoanza kusema "yaani, kile kitu, ile nini...", ujue hapo hujaelewa. Rudi kitabuni.

NJIA YA 4: TEMBEA NA SOMO

Njia hii ni ya kale sana, na Wagiriki na Warumi waliitumia kukumbuka hotuba ndefu. Mwaka 2003 watafiti wa London, wakiongozwa na Eleanor Maguire, waliwachunguza watu wanaoshiriki mashindano ya kukumbuka. Walikuta kwamba hawakuwazidi wenzao kwa akili, wala ubongo wao haukuwa na umbo la pekee. Tofauti yao ilikuwa mbinu: wengi wao walikuwa wakiweka mambo katika njia wanayoijua.

Chukua njia ya kutoka nyumbani kwenu mpaka shuleni. Chagua vituo saba kwa mpangilio. Tuseme ni mlangoni, bombani, dukani, kwenye mwembe, kituo cha basi, geti la shule na darasani. Sasa tuweke safari ya kimelea cha malaria.

Mlangoni: mbu jike wa Anofelesi, mkubwa kama kuku, amekuzuia kutoka na anakuuma.

Bombani: badala ya maji yanatoka mate ya mbu, na ndani yake vimelea wanaogelea. Wanaingia damuni.

Dukani: muuzaji amepanga maini matupu mpaka darini. Vimelea wanakwenda kwenye ini.

Kwenye mwembe: maembe yamezaliana mpaka matawi yanakatika. Ndani ya ini vimelea wanaongezeka.

Kituo cha basi: abiria wote ni chembe nyekundu za damu, na vimelea wanagombania kupanda. Wanaingia ndani ya chembe.

Geti la shule: basi limefika, chembe zinapasuka pwaa, na mlinzi anatetemeka kwa homa.

Darasani: wamekaa vimelea wa kiume upande mmoja na wa kike upande wa pili, na mbu mwingine anaingia dirishani kuwafyonza. Safari inaanza upya.

Unacheka? Vizuri. Picha ya ajabu, ya kuchekesha au kubwa kupita kiasi haisahauliki kirahisi. Siku ya mtihani tembea njia hiyo kichwani, kituo kwa kituo. Lakini angalia: njia hii ni ya mambo yenye mpangilio au orodha. Haiwezi kuchukua nafasi ya kuelewa.

NJIA YA 5: CHANGANYA MASWALI

Katika hesabu tumezoea kufanya maswali 20 ya aina moja, kisha 20 ya aina nyingine. Ukifika swali la tatu hufikiri tena, mkono unajiendea. Mtihani haukuambii swali hili ni la aina gani.

Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor wa Marekani walichapisha jaribio la wanafunzi waliojifunza kutafuta ujazo wa maumbo mbalimbali. Wakati wa mazoezi, waliofanya aina moja moja walipata asilimia 89, na waliochanganyiwa walipata 60. Baada ya wiki moja, wa kwanza walipata asilimia 20 tu, na wa pili 63. Kwa hiyo ukishaelewa kanuni, changanya maswali ya sura mbalimbali. Utakosea zaidi leo. Usiogope.

KABLA YA KUJILAUMU, ANGALIA AFYA YAKO

Mbinu zote hizi hazifui dafu kama mwili una shida. Pitia mambo haya.

Usingizi. Tangu mwaka 1924 watafiti Jenkins na Dallenbach walionyesha kwamba mtu akijifunza kisha akalala anakumbuka zaidi kuliko akijifunza na kubaki macho kwa muda uleule. Unapolala, ubongo unaendelea kupanga ulichosoma. Mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Ukikesha kabla ya mtihani, umefunga ghala wakati mzigo uko nje. Simu isilale nawe mtoni.

Damu. Dada zetu, hili linawahusu sana. Msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi, na akikosa chakula chenye madini ya chuma anaweza kupungukiwa na damu. Dalili ni kuchoka haraka, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, na weupe kwenye ulimi au ndani ya kope. Msichana wa namna hiyo akisinzia darasani huitwa mvivu, kumbe ni mgonjwa. Nenda kituo cha afya upimwe, kipimo ni cha haraka. Kula maharage, dagaa, mboga za majani na nyama au maini yakipatikana. Malizia na chungwa au kamulia ndimu, husaidia mwili kuchukua madini hayo. Chai iache mpaka baadaye, kwa sababu inayazuia.

Malaria na minyoo. Vyote viwili vinakula damu na nguvu. Lala ndani ya chandarua, vaa viatu, nawa mikono kwa sabuni, tibiwa mapema.

Macho na masikio. Ukisogea mbele ili uone ubao, au unaumwa kichwa kila ukisoma, pimwa macho. Huwezi kukumbuka usichokiona.

Pombe na bangi. Pombe nyingi inaizuia hipokampasi kufanya kazi. Ndiyo maana mlevi anaweza kuongea usiku kucha na kesho asikumbuke lolote. Bangi nayo inavuruga kumbukumbu ya muda mfupi na umakini. Anayekuambia "vuta, utashika somo" anakudanganya. Na vidonge vya kuzuia usingizi, au miraa? Vinakufanya uwe macho, basi. Kuwa macho si kuweka mambo kichwani.

Hofu na huzuni. Mtoto anayepigwa, anayeogopa mtu nyumbani, au aliyefiwa anaweza kusoma ukurasa mmoja mara kumi bila kuelewa. Hapo tatizo si kichwa. Tafuta mtu mzima unayemwamini, mwalimu mlezi, shangazi, nesi au kiongozi wa dini, umweleze. Kunyamaza hakuponyi.

UONGO AU KWELI?

"Tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo." Uongo. Tunautumia wote, ingawa si sehemu zote hufanya kazi moja kwa wakati mmoja.

"Kupiga mstari kwa rangi kunasaidia kukumbuka." Msaada wake ni mdogo. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizipima mbinu 10 za kujifunzia kwa kupitia tafiti zilizokwisha fanywa. Kupiga mstari na kurudia kusoma vilikuwa chini. Kujijaribu na kugawa kwa siku vilikuwa juu.

"Kuna hirizi au dawa ya kufaulu." Uongo. Pesa hiyo nunua daftari.

ANZA WIKI HII

Usijaribu yote kwa siku moja. Chagua somo moja linalokusumbua. Jumatatu soma mada moja, funga daftari, andika unayokumbuka, tengeneza kadi kumi. Jumanne pitia kadi kabla ya somo jipya. Ijumaa pitia tena, kisha mfundishe mwenzako. Jumatatu inayofuata jipime kwenye karatasi tupu. Linganisha na ulivyozoea. Karatasi yenyewe itakujibu.

Na sasa kazi ya mwisho. Funga jarida hili. Kweli, lifunge. Jibu kwa maandishi bila kuchungulia:

1. Hatua tatu za kukumbuka ni zipi?

2. Ebbinghaus alibakiwa na asilimia ngapi baada ya siku 1?

3. Kwa nini kurudia kusoma kunatudanganya?

4. Kadi ukiikosa, inakwenda kisanduku gani?

5. Taja dalili mbili za upungufu wa damu.

6. Kimelea cha malaria kikitoka kwenye ini kinakwenda wapi? (Tembea mpaka kituo cha basi.)

Umekosa? Vizuri pia. Fungua, sahihisha, na kesho jiulize tena.